Sura ya Sita: Waya Kwenye Zege Bichi

Zege likitoka kwenye mikisa huwa limebeba hewa, tena hewa nyingi. Zege la kawaida ambalo bado halijasindiliwa linaweza kuwa na mapovu yaliyonasa katikati ya kokoto kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 20 ya ujazo wake. Likiachwa ligande hivyo hivyo, hesabu ni mbaya: hewa ya asilimia 5 tu ikibaki ndani, nguvu ya zege inapungua kwa takriban asilimia 30, na ikifika asilimia 10, zaidi ya nusu ya nguvu imekwenda. Saruji ni ile ile, nondo ni zile zile, na mwenye jengo amelipa pesa zile zile.

Zamani hewa hiyo ilitolewa kwa kuchomachoma zege kwa kipande cha nondo, au kwa vibarua kulikanyaga kwa miguu. Mwaka 1917 mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alisajili hataza ya kusindilia zege kwa mtetemo wa mashine. Jina lake lilikuja kuvuma zaidi kwa madaraja na kwa zege la nondo zinazovutwa kabla ya kubebeshwa mzigo, lakini huo mtetemo ndio uliofika mpaka kwenye saiti ya fundi wa mtaani. Zege likitetemeshwa, msuguano kati ya kokoto na kokoto unapungua kwa muda, mchanganyiko unalegea kama uji, kokoto zinashuka na kubanana, hewa inapanda juu na kutoka.

Mashine yenyewe huku kwetu tunaiita vaibreta. Nyingi zinatumia petroli. Za umeme nazo zina wapenzi wake, na si bure: ni nyepesi, hazihitaji kuvutwa kamba ndipo ziwake, na hazitoi moshi, kwa hiyo unaweza kuzishusha kwenye maegesho ya chini ya ardhi bila kuwavutisha watu sumu. Ziko za aina kadhaa. Kuna yenye mota kubwa inayokaa pembeni na mpira mrefu, ndani yake waya mnene unaozunguka hadi kwenye kichwa cha chuma. Kuna ndogo ya kushika mkononi au kuning'iniza begani. Na kuna ile ambayo mota yake imo ndani ya kichwa chenyewe, hivyo umeme unasafiri ndani ya mpira na kuzama pamoja nao kwenye zege.

Maelekezo mengi ya vaibreta huanza na kofia ngumu, glovu na viatu, kisha umeme hutajwa mwishoni kwa mstari mmoja. Mimi ningeyapindua. Mtetemo wa mashine hii hauui mtu. Kinachoua ni waya wake.

Mtazame anayeishika. Amesimama juu ya wavu wa nondo zilizofungwa pamoja, chuma kitupu, kilichounganishwa hadi chini kwenye nguzo na msingi. Amevaa mabuti ya mpira, lakini moja lilitobolewa na ncha ya nondo wiki iliyopita na sasa soksi imelowa. Mikono imelowa maji ya saruji, ambayo hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kunywa. Jasho linamtiririka kwa sababu zege husubiriwa na jua. Na mikono yote miwili imekumbatia mashine inayopelekewa volti 230. Ukimwambia mtu atengeneze mahali pabaya kuliko pote pa kutumia umeme, angehangaika sana kupata pazuri kuliko hapo.

Ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi kikubwa. Ngozi iliyolowa ni habari nyingine: upinzani wa mwili kutoka mkono hadi mguu unaweza kushuka hadi kwenye omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa omu 1,000, unapata miliampia 230. Namba hiyo ipime kwa kazi ya Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia miaka mingi kupima umeme kwa watu waliojitolea. Alitaka kujua ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika, kwa sababu misuli ya kiganja hukaza yenyewe. Kwa wanaume wastani ulikuwa kama miliampia 16, kwa wanawake kama 10 na nusu. Ukipanda zaidi, kifua kinabana na pumzi inakwama. Kuanzia miliampia 50 hadi 100 moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kubaki unatetemeka tu, bila kusukuma damu. Kibarua wetu anapata 230.

Sasa njoo kwenye ubao wa umeme wa saiti. Utakuta breka ya ampia 16, pengine 20, na utaambiwa kwa kujiamini kwamba “breka ipo, ikitokea shoti itakata.” Breka hiyo iliwekwa kuulinda waya usiungue. Ampia 16 ni miliampia 16,000. Mtu anaweza kufa kwa sehemu moja ya mia na sitini ya hapo, na breka isishtuke hata kidogo, kwa sababu kwa upande wake hakuna lililoharibika.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile ambacho mafundi umeme wanakiita kwa herufi zake, RCD, na wengine bado wanakiita ELCB. Chenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukitofautiana kwa miliampia 30, maana yake kuna unaovujia mahali pengine, pengine kupitia mwili wa mtu, basi kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Dalziel mwenyewe, baada ya vipimo vyake vyote, alibuni mwaka 1961 kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya Marekani, na chake hukata kwenye miliampia 5 hivi.

Kama bajeti ya usalama ya saiti inatosha kununua kitu kimoja tu, nunua hicho. Lakini kiwekwe mahali pake. Kinatakiwa kuwa mwanzoni, pale umeme unapotoka, ili kiulinde na waya wa eksitensheni. Kikiwekwa mwisho karibu na vaibreta, mita hamsini za waya zinazolala kwenye tope hazina mlinzi. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyezwe kila asubuhi kabla ya kazi, na kisipokata, siku hiyo mashine haiwashwi. Tena usikipe sifa kisizo nazo: mtu akishika waya wa moto kwa mkono huu na wa nyutro kwa mkono ule, kifaa kinaona umeme umekwenda na umerudi salama, nacho kinatulia. Kwa hiyo kifaa hiki kinakuja juu ya waya mzima na ethi nzima. Hakichukui nafasi yake.

Waya mzima ndio adimu. Chukua eksitensheni yoyote iliyotumika mwaka mmoja kwenye ujenzi, ipitishe kiganjani polepole kutoka plagi hadi soketi, ikiwa imechomolewa. Karibu na plagi utakuta ganda la nje limerudi nyuma na nyaya tatu za rangi zinaonekana, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi. Mbele kidogo kuna alama ya gurudumu la toroli. Kisha unafika kwenye uvimbe: mahali waya ulipokatika, nyaya zikasokotwa kwa vidole na kuviringishiwa utepe mweusi. Utepe umefunguka upande mmoja na ndani yake kuna saruji iliyoganda. Ufungue na hesabu nyaya. Mara nyingi zilizoungwa ni mbili. Ule wa kijani na njano, waya wa ethi, umekatwa na kuachwa, kwa sababu mashine inawaka bila huo.

Mashine ya mota ya chuma bila ethi inafanya kazi vizuri mpaka siku ambayo waya wa ndani utagusa ganda lake. Hapo ganda zima linakuwa na umeme na hakuna kinachokata. Kuna vaibreta ndogo za mkononi ambazo kwa muundo wake hazihitaji ethi. Utazijua kwa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kwenye kibao cha maelezo. Hizo zina tabaka mbili za kuzuia umeme. Ganda lake likipasuka, tabaka moja limekwenda, na gundi haiwezi kulirudisha.

Eksitensheni ya kazi hii ni ya mpira mzito, isiyo na kiungo hata kimoja, na plagi na soketi zake ni zile ngumu za viwandani zenye kifuniko cha kuzuia maji. Soketi ya sebuleni haina kazi kwenye zege. Kama waya hauna budi kupita penye maji, upitishwe juu, ukining'inia kwenye mirunda au kwenye vigingi vya mbao. Kuufunga moja kwa moja kwenye nondo ni kujitafutia balaa, maana ganda likichubuka pale, wavu mzima waliosimamia watu kumi unapata umeme.

Urefu nao una hesabu zake. Waya wenye kiini cha milimita za mraba 1.5 ukiwa na mita 100, na mashine ikivuta ampia 10, hupoteza takriban volti 24 njiani. Mota inayopata volti pungufu inavuta umeme mwingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, inapata moto, na ganda la nyaya za ndani linaanza kuungua taratibu bila mtu kuona. Kwa masafa hayo tumia waya wa 2.5 au zaidi, au sogeza ubao wa umeme. Na eksitensheni ya kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita kumi tu, kwa sababu waya uliobaki umeviringika hauna pa kutolea joto na unaweza kuyeyuka ukiwa pale pale.

Jenereta huleta utata ambao hata mafundi wazoefu huupita haraka. Jenereta nyingi ndogo za kubebeka hazina muungano kati ya nyaya zake za ndani na ardhi. Kosa la kwanza likitokea, umeme hauna njia ya kurudi kwenye jenereta kupitia udongo, kwa hiyo RCD haioni tofauti na haikati. Kila mtu anaendelea na kazi akiwa na hitilafu moja tayari ndani ya mfumo. Hitilafu ya pili, labda kwenye mashine nyingine iliyochomekwa hapo hapo, ndiyo inayomfanya mtu awe daraja. Jawabu lake hutegemea jenereta yenyewe na vilivyounganishwa, na anayepaswa kuliamua ni fundi umeme mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA. Kijana aliyepewa jukumu la kuijaza mafuta halimhusu.

Ipo njia nyingine kabisa, nayo ni kuondoa volti 230 kwenye zege. Uingereza kwa miongo mingi saiti zake zimetumia transfoma zenye plagi za njano zinazoshusha umeme hadi volti 110, zikiwa zimeungwa na ardhi katikati, ili kutoka waya wowote hadi udongoni pasiwe na zaidi ya volti 55. Vaibreta zenye mota ndani ya kichwa nazo hutengenezwa kwa volti 42: umeme wa kawaida unaingia kwenye kibadilishi, kinaushusha na kuuongezea kasi hadi mizunguko 200 kwa sekunde, ndipo kichwa kinatetemeka mara 12,000 kwa dakika. Kwenye saiti zetu ndogo vifaa hivyo ni nadra kwa sababu bei yake iko juu. Hata hivyo mkandarasi anayejenga ghorofa nane hana kisingizio cha bei.

Hayo yote yanatakiwa kuwa yamekamilika jioni ya kuamkia siku ya zege. Zege likishaanza kumwagwa hakuna anayesimama. Mikisa inazunguka, ndoo zinapanda, msimamizi anapiga kelele, na waya ukionekana umechubuka jibu litakuwa “tumalizie hii kwanza.” Zaidi ya hapo, anayekabidhiwa vaibreta mara nyingi ndiye kibarua mgeni kuliko wote, aliyefika asubuhi hiyo na ambaye hajui hata swichi kuu iko wapi. Huyo hawezi kusimamisha kazi ya watu arobaini. Ningependa iwe kinyume: mwenye vaibreta awe mtu aliyefundishwa, aonyeshwe swichi, na neno lake la “zima” lisijadiliwe. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 inayomtwika mwajiri jukumu hilo la usalama. Inachokosa ni mtu wa kuikumbuka saa nne asubuhi, zege likiwa kwenye toroli.

Kazi ya kusindilia yenyewe ina ustadi wake, na ustadi huo unamlinda mtu pia. Mashine huwashwa kabla kichwa hakijazama, na huzimwa baada ya kutoka. Kichwa kinaingia wima na kwa haraka, kwa uzito wake chenyewe, mpaka kipenye sentimita 15 hivi za tabaka la chini ambalo bado ni bichi. Kinakaa sekunde 5 hadi 15. Mapovu makubwa yakiacha kutoka, uso ukaanza kung'aa na mlio wa mashine ukatulia, kinatolewa polepole, sentimita saba au nane kwa sekunde, ili tundu lijifunge nyuma yake. Kwa kichwa cha milimita 50 unahamia sentimita 40 hivi pembeni na kurudia. Usiburuze zege kwa vaibreta kutoka upande huu kwenda ule. Rojo ya saruji itakwenda na kokoto zitabaki. Wala usikipumzishe kichwa juu ya nondo. Mbali na kuharibu mshiko wa nondo na zege lililoanza kukaza, unaligongesha ganda la mashine ya umeme kwenye chuma ambacho wenzako wamekikanyaga.

Watu wawili ndio kiwango cha chini kwa mashine ya mota kubwa: mmoja na mpira, mwingine na mota na waya. Akiwa peke yake, mtu huivuta mota kwa mpira, au mbaya zaidi kwa waya wa umeme, na hapo ndipo nyaya hung'oka ndani ya boksi la viunganisho. Kama mota ni ya fezi tatu, angalia mshale wa mzunguko kabla ya kuunga mpira, kwa sababu ikizunguka kinyume inaweza kuufungua waya wa ndani. Na kichwa kisiachwe kikinguruma hewani wakati zege linasubiriwa: zege ndilo linalokipoza.

Fundi wa mbao naye ahusishwe. Zege linalotetemeshwa linasukuma fomu kama kimiminika. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo nguzo ya mita tatu ikijazwa mara moja na kutetemeshwa yote, chini yake kila mita ya mraba ya mbao inasukumwa kwa zaidi ya tani saba. Ndiyo maana zege humwagwa kwa matabaka yasiyozidi nusu mita na kila tabaka likasindiliwa peke yake. Mbao zikianza kulia, anayeshika vaibreta ndiye huzisikia mwisho kwa sababu ya kelele, basi awepo wa kumgusa bega.

Kuhusu mtetemo wenyewe: mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi kwa sababu ya nyundo za upepo. Anayeshika mpira wa vaibreta mbali na kichwa hupata mtetemo mdogo kuliko wao, lakini anayeushika karibu na chuma kutwa nzima anajitafutia maradhi yale yale. Pokezaneni.

Ngozi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu madhara yake hayaumi mwanzoni. Maji ya zege bichi yana ukali wa alkali wa kiwango cha pH 12 hadi 13. Zege likiingia ndani ya buti, mtu anaendelea na kazi akidhani ni unyevu tu, na jioni anapovua soksi ngozi inatoka nayo. Likiingia, simama hapo hapo, vua, osha kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua ishirini. Glovu ziwe za mpira na ziwe nzima. Glovu ya kitambaa iliyolowa inashikilia saruji mkononi na kupitisha umeme.

Mtu akinaswa na umeme, wa kwanza kumkimbilia ndiye anayeelekea kuwa wa pili kufa. Zima swichi kuu kwanza. Kama haifikiki, sukuma waya kwa ubao mkavu, wewe ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita mpaka msaada ufike. Akiwa ameinuka, anacheka na kuomba maji, bado apelekwe hospitali mapigo ya moyo yakapimwe, hasa kama umeme ulipita kifuani au alipoteza fahamu. Mashine iliyomshika isijaribiwe “tuone kama bado ina shoti.” Ichomolewe, plagi yake ifungwe ndani ya mfuko na kuandikwa kwamba isiguswe mpaka fundi umeme aipime.

Baada ya zege, saa ya kuosha vifaa, watu hulegea. Vaibreta imejaa saruji, mpira wa maji uko karibu, na mashine bado imechomekwa kwa sababu kuna kona moja ilibaki. Ichomolewe kabla ya tone la kwanza. Mpira na kichwa vioshwe kwa maji, mota ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, matundu ya kupitishia hewa yasafishwe kwa brashi kavu. Eksitensheni inaviringishwa ikipitishwa kiganjani, na penye mchubuko panafungwa utepe mwekundu, si wa kuzibia, bali wa kumwonyesha fundi umeme mahali pa kukata.